Kibao cha biashara Lubumbashi: maswali ya pesa tunayoulizwa kila siku

Karakana yetu iko Kamalondo. Tunachapa bashe (kitambaa cha plastiki), tunakata otokolan (karatasi ya gundi), tunasudere fremu, yaani tunaunga vyuma kwa moto, na mteja akitaka bado tunapaka ukuta kwa brashi. Maswali yaliyo hapa chini tunayajibu tukiwa tumesimama mlangoni, mara nyingi mteja akiwa ameshika simu yenye picha ya kibao alichokiona Dubai au Johannesburg. Tumeyaandika ili mtu apige hesabu zake nyumbani kwa utulivu, badala ya kuzipigia juu ya meza yetu huku akikasirika.

Fundi, kibao ni bei gani?

Jibu letu la kwanza huwa swali: cha kuwekwa wapi, kikubwa kiasi gani, na unataka kikae muda gani? Orodha ya bei hatuibandiki, kwa sababu karibu kila kitu tunachotumia, kuanzia roli ya bashe hadi wino na taa, kinaingia kwa lori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Bei inapanda na kushuka pamoja na dola, mafuta na foleni ya mpakani. Bei ya mwezi uliopita tumeshaisahau.

Unachoweza kujua mapema ni njia ambazo pesa zako zitapitia. Mtu akisema "kibao" anaiona picha kichwani. Nyuma ya picha kuna vyuma vya fremu, rangi ya kuzuia kutu, kazi ya kusudere, usafiri, ngazi na watu wawili wa kupandisha, bolti za ukutani, taa kama unataka kuonekana usiku, na ushuru wa matangazo. Mwaka ukigeuka kuna kuosha na kurekebisha. Kwa kibao cha bashe chenye fremu yake, kwetu mara nyingi kuchapa peke yake hakufiki hata nusu ya pesa zote.

Ndiyo maana mtu aliyekuja na pesa za kuchapa tu anaondoka na bashe imekunjwa kwapani, anaifunga kwa kamba kwenye nguzo za barza, na mvua ya kwanza ya Novemba inaondoka nayo. Akirudi anasema bashe yetu ni mbovu. Bashe ilikuwa nzima, kamba ndiyo ilishindwa.

Chukua karatasi, andika kila njia ya pesa kwenye mstari wake, hata kama huna namba. Uje nayo. Tutajaza pamoja, na kama kuna mstari wa kufuta tutaufuta kwa kujua tunachofuta.

Nina pesa kidogo sana. Nianzie wapi?

Anza na ukuta ulio nao. Kuna watu wanaona haya kupakwa ukuta kwa brashi, wanadhani ni mambo ya zamani. Mimi siwaelewi. Mji huu una mkono wa brashi unaojulikana mbali: mwaka 1946, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake ya Hangar, na humo wakatoka wachoraji kama Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Wao walichora picha, hawakuwa mafundi wa vibao. Lakini ukipita mitaa yetu ya Katuba au Kenya ukaona kichwa cha mwanamke aliyesukwa kimepakwa kwenye ukuta wa saluni, mistari ya nywele inahesabika, utakubali kwamba hakuna mashine ya kuchapa iliyoizidi ile kazi kwa bei ile.

Kwa ukuta pesa nyingi ni za mkono wa fundi, na vifaa ni vichache. Usibane kwenye maandalizi. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya chokaa inabanduka kama ganda la yai, kwa hiyo chokaa ya zamani ikwanguliwe yote. Plasta mpya ya simenti iachwe ikauke wiki 4 hivi kabla ya kuguswa. Halafu rangi ya msingi, halafu maandishi. Fundi anayekwambia atamaliza yote asubuhi moja ameamua kuruka kitu.

Zikibaki pesa kidogo, usirefushe kibao cha ukutani. Tengeneza kibao kidogo cha chuma cha sentimita 60 kwa 40, chenye maandishi pande mbili, kinachotokeza nje ya ukuta kama bendera. Mtu anayetembea kando ya nyumba haoni maandishi ya ukutani mpaka afike mbele yake, lakini kile cha kutokeza anakiona kutoka kona. Kwa saluni, farmasi au kabine ya simu ndani ya mtaa, hicho kidogo kinaleta watu kuliko bashe ya mita 4.

Bashe, otokolan, alucobond: tofauti ni nini, na kipi kinadumu?

Bashe ni kitambaa cha plastiki kinachochapwa kwa mashine. Ni rahisi, ni nyepesi, inakunjwa. Kwa jua la hapa, mji ukiwa mita 1,200 hivi juu ya bahari, hesabu mwaka 1 hadi 2 kabla ya kupauka vibaya. Otokolan ni karatasi ya gundi inayobandikwa juu ya kioo, chuma au gari. Iliyochapwa inapauka karibu kama bashe. Iliyokatwa kutoka kwenye roli yenye rangi yake inadumu zaidi, kwa sababu rangi iko ndani ya plastiki yenyewe na haikumwagwa juu. Alucobond ni bamba lenye ngozi mbili nyembamba za alumini na plastiki katikati, kwa kawaida unene wa milimita 3 au 4. Haishiki kutu, haipindi kwa jua, na ukiibandikia maandishi ya kukata unaweza kuisahau miaka kadhaa.

Swali la pesa linaloulizwa hapo ni "kipi rahisi?", na sisi tunaligeuza: kipi rahisi kwa mwezi? Chukua bei yote pamoja na kupandisha, igawe kwa miezi ambayo kibao kitasomeka. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, bashe pamoja na kila kitu ni dola 60 na itasomeka miezi 15: hiyo ni dola 4 kwa mwezi. Alucobond ni dola 180 na itasomeka miezi 60: dola 3 kwa mwezi. Ya ghali ndiyo rahisi. Weka namba za devi (makadirio ya bei) yako mwenyewe, jibu linaweza kugeuka.

Sasa usikimbilie alucobond kwa hesabu hiyo peke yake. Kama biashara ina miezi 3, kama bado hujui utauza bukari (ugali) na samaki au utageukia vifaa vya simu, dola 3 kwa mwezi kwa miezi 60 ni ndoto. Lipa 4, uwe na uhuru wa kubadilisha.

Kwa nini kibao cha mita 2 kwa 1 kikizidishwa mara mbili bei inapanda zaidi ya mara mbili?

Kwa sababu umezidisha pande zote. Mita 2 kwa 1 ni mita 2 za mraba. Mita 4 kwa 2 ni mita 8. Umeagiza vibao vinne.

Kuna ujanja mwingine wa vipimo ambao wateja wachache wanaujua. Bamba la alucobond linauzwa likiwa mita 1.22 kwa 2.44. Ukitaka kibao cha mita 1.30 kwenda juu, fundi analazimika kuunganisha mabamba mawili, na wewe unalipa bamba la pili kwa ajili ya sentimita 8. Ukishuka hadi 1.22 umeokoa pesa nyingi bila mtu yeyote kuona tofauti. Bamba moja likipasuliwa katikati kwa urefu linatoa vibao viwili vya sentimita 61 kwa mita 2.44: wewe na jirani yako mnaweza kugawana bamba moja. Bashe nayo ina upana wa roli, kwa mfano mita 1.60 au 3.20, ukiomba mita 1.70 tunakata kutoka roli pana na kipande kinabaki chini. Kile kipande umekilipia, kichukue.

Herufi ziwe kubwa kiasi gani?

Kipimo tunachotumia: kila sentimita 1 ya kimo cha herufi inasomeka kwa raha kutoka mita 1.2 hivi. Herufi ya sentimita 10 ni ya mtu aliye mita 12. Jicho zuri litaifikia mita 30 na zaidi, ila hapo mtu anajitahidi, na hakuna anayejitahidi kusoma kibao.

Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linakata mita 11 kila sekunde. Ukitaka dereva apate sekunde 3 za kusoma jina lako kwenye barabara ya Kasenga au njia ya Likasi, anatakiwa alisome kutoka mita 33, yaani herufi za sentimita 27 hivi. Ndani ya mtaa, ambapo wateja wako wanapita kwa miguu au kwa pikipiki inayokwepa mashimo, sentimita 10 hadi 12 zinatosha kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ukubwa wa kibao, simama pale mteja wako atakaposimama, hesabu hatua hadi mlangoni. Wengi wakifanya hivyo wanapunguza kibao, na sisi tunapoteza pesa, basi.

Niweke maneno gani?

Jina, unachouza, na simu kama watu wanakupigia kweli. Kila mstari unaoongeza unapunguza kimo cha mistari mingine, au unaongeza mita za mraba. Mama mmoja wa duka la vyakula alileta orodha ya vitu 14, pamoja na "n.k." Tulimwambia "n.k." nayo inalipiwa.

Hakikisha kwanza jina ni lako. Kama unaandikisha biashara kwenye Guichet Unique, ofisi ya kuandikisha biashara, subiri jina likubaliwe na namba ya RCCM (daftari la biashara) itoke kabla ya kuchapa. Kongo iko ndani ya sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, tangu 2012, na sheria hizo zinahesabu jina la biashara au kibao chake kuwa sehemu ya biashara yenyewe, pamoja na wateja. Siku utakapouza duka, jina hilo lina bei. Kulibadilisha mara tatu kwa sababu ya haraka ni hasara isiyoonekana kwenye devi.

Mtoto wa dada yangu anajua kompyuta, atatengeneza mchoro bure. Mnapunguza bei?

Tunapunguza, kama mchoro unafaa. Mara nyingi unakuja kama picha ya WhatsApp, na picha ya WhatsApp ikivutwa hadi mita 3 inakuwa vigae. Mwambie kijana atume faili la mchoro wenyewe ambalo likikuzwa halipasuki, kwa vipimo halisi vya kibao, nembo iwe imechorwa upya na siyo kupigwa picha kutoka kwenye kadi. Asipojua tunachoongea, lipia mchoro. Ni pesa ndogo kuliko kuchapa mara mbili.

Kwa nini fremu na kupandisha vinakula pesa zaidi ya picha?

Kwa sababu ya upepo. Dhoruba ya mvua hapa, ile inayotanguliwa na vumbi jekundu na malata (mabati) yanayopiga kelele, inaweza kusukuma kwa kilomita 70 kwa saa na zaidi. Kwa mwendo huo kila mita ya mraba ya kibao inapokea mgandamizo wa kilo 25 hivi. Kibao cha mita 3 kwa 1.5 ni mita 4.5 za mraba, kwa hiyo ni kama mtu wa kilo 112 anayening'inia kwenye bolti zako, akivuta na kuachia. Upepo ukiongezeka mara mbili, mgandamizo unaongezeka mara nne.

Hesabu ya vyuma si siri. Fremu ya mita 3 kwa 1 ina mzunguko wa mita 8. Ongeza vyuma 2 vya katikati vya mita 1 kila kimoja, jumla mita 10. Bomba la mraba linauzwa kwa fimbo za karibu mita 6, kwa hiyo ni fimbo 2, na kinachobaki kinatengeneza miguu ya kushikia ukutani. Fundi akikuandikia fimbo 4 kwa fremu hiyo, muulize. Akikuandikia fimbo 1 na nusu, muulize kwa sauti zaidi.

Mahali pa kubana pesa ni urembo. Unene wa bomba, rangi ya kuzuia kutu na idadi ya bolti viache. Na kama ukuta ni wa matofali ya udongo, usipige bolti za plastiki. Toboa hadi upande wa pili na ukaze kwa bamba la chuma nyuma. Kibao kikidondoka juu ya mtu, hakuna bajeti ya kibao inayobeba hospitali.

Nataka taa. Umeme ukikatika je?

Swali hili ndilo linalotofautisha kibao cha Lubumbashi na kile cha picha ya Dubai. Kwa delestaji (mgao wa umeme) tunayoijua, sanduku la taa linalotegemea SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, peke yake linaweza kukaa giza usiku ambao ulilihitaji zaidi. Kwa hiyo ukisema "taa" andika mistari miwili kwenye karatasi yako: taa yenyewe, na umeme wa taa.

Kwa taa yenyewe kuna njia mbili. Sanduku linalowaka kutoka ndani lina sura nzuri, ni ghali, na likiingia maji linarudi kwetu. Njia ya pili ni projekta ndogo za LED zinazomulika kibao cha kawaida kutoka juu. Mimi kwa biashara changa nachagua ya pili bila kufikiri. Projekta ikiungua unabadilisha projekta peke yake, na kibao hakiguswi.

Tuhesabu. Projekta 2 za wati 20 ni wati 40. Jua linazama kwenye saa kumi na mbili jioni, tuseme unawasha hadi saa tano usiku: saa 5. Wati 40 mara saa 5 ni wati-saa 200 kila usiku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 inabeba wati-saa 600, lakini betri ya risasi usiivute chini ya nusu ikiwa unataka izeeke, kwa hiyo unazo 300. Zinatosha, na akiba kidogo. Paneli ya wati 100, ukihesabu saa 4 za jua zuri na upotevu wa njiani, inarudisha wati-saa 280 hivi kwa siku. Mwezi Januari wenye mawingu haitafika hapo, na utazima saa tatu. Hakuna aliyekufa.

Ukiwa na duka linalofunga saa kumi na mbili, taa ya nini? Tunauliza kila mara, na nusu ya wateja wanacheka na kuifuta.

Kodi na ushuru: nilipe wapi, kiasi gani?

Jambo la kwanza ni TVA (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye fakture (ankara) yetu. Ni asilimia 16. Mchapaji aliyeandikishwa kwa TVA akikupa devi ya dola 200 bila kodi, utalipa 232. Kila unapolinganisha devi mbili, uliza zote mbili ni pamoja na TVA au bila. Watu wamechagua "rahisi" ambayo ilikuwa ghali kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Jambo la pili ni ushuru wa matangazo. Nenda komini yako (ofisi ya serikali ya mtaa wako) kabla ya kupandisha, siyo baada. Uliza mambo matatu: wanahesabu kwa mita ya mraba, kwa upande au kwa kibao, ni wa mwaka au wa mara moja, na huduma ipi inayodai, ya komini, ya mji au ya mkoa. Kibao chenye maandishi pande mbili kinaweza kuhesabiwa mara mbili, na hilo ni jambo la kujua ukiwa bado unachora. Omba karatasi ya kudai malipo, lipa pale inapoandikwa, weka risiti, na nakala yake ibaki dukani. Anayekuja na daftari peke yake, bila karatasi ya huduma yake, mwombe kwa heshima aonyeshe barua ya kazi. Papa (mzee) mmoja wa Ruashi ana faili nzima ya risiti nyuma ya kaunta. Wakaguzi wakiingia anaitoa kabla hawajakaa, wanakunywa maji, wanaondoka.

Kibao cha nguzo pembeni ya barabara ni shauri jingine. Ardhi ile si yako. Siku barabara inapopanuliwa au mfereji unapochimbwa, nguzo inang'olewa, na usitegemee fidia. Tukipata mteja anayeng'ang'ania nguzo, tunamshauri iwe ya kufungwa kwa bolti juu ya simenti, aweze kuihamisha mwenyewe.

Kampuni ya vinywaji inataka kunipa kibao bure, na jina langu watalitia. Nikubali?

Pima jina lako litakuwa na kimo gani. Kwa kawaida chapa yao inachukua sehemu kubwa, na "Chez Mama" fulani inabanwa pembeni kwa sentimita 8. Wateja wataiita nyumba yako kwa jina la bia. Kwa baa hilo linaweza kuwa sawa kabisa. Kwa hoteli ndogo au mgahawa wa familia, fikiria.

Kabla ya kukubali, iandikwe: nani analipa ushuru wa matangazo, nani anarekebisha kikichanika, na unaruhusiwa kuuza chapa nyingine au la. Kibao cha chapa ni tangazo lao, kwa hiyo ushuru uwe wao. Ukikubali, chukua pesa ulizookoa utengeneze kile kidogo cha kutokeza chenye jina lako peke yake.

Napanga. Mwenye nyumba anaweza kunitoa wakati wowote.

Basi usipake ukuta wake kwa pesa nyingi. Fremu ya bolti, inayofunguka kwa ufunguo mmoja, inahama nawe. Mwombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kutoboa. Na usiandike anwani kwenye kibao. Andika jina na simu, hivyo ukihama kutoka Bel-Air hadi Kampemba ya ndani kibao bado kinasema kweli.

Rangi zipi nichague?

Nyeusi juu ya njano, nyeupe juu ya bluu nzito, nyeupe juu ya kijani nzito. Kwa maandishi yaliyochapwa, nyekundu na njano zinapauka kabla ya nyingine, kwa hiyo jina lako lisiwe la nyekundu iliyochapwa. Nyekundu ya otokolan ya kukata ni sawa.

Neno moja la pembeni: hapa kwenye mpira nyeusi na nyeupe ni za Mazembe, njano na bluu ni za Lupopo. Tulimfungia mshabiki mmoja kibao cha rangi za timu yake, chenye kila kitu isipokuwa nembo. Baada ya mechi ya watani alirudi kuomba kijani.

Devi na avansi (malipo ya mwanzo): nijilinde vipi?

Devi nzuri ina vipimo kwa sentimita, aina ya nyenzo, unene wa bomba, idadi ya taa na wati zake, kama kupandisha kumo ndani, siku za kazi, na sarafu. Kama imeandikwa kwa dola na utalipa kwa franka, kubalianeni kiwango cha kubadilishia ni cha siku ya devi au siku ya malipo. Devi ya mstari mmoja, "kibao 1, pamoja na yote", si devi.

Avansi ya nusu ni ya kawaida, kwa sababu tunanunua nyenzo. Usilipe yote. Baki na kiasi ambacho fundi atakifuata, hadi kibao kiwe ukutani na taa zimewaka usiku mmoja.

Halafu kuna karatasi ya kukubali. Miaka ya mwanzo nilichapa kibao cha farmasi, mita 3 za alucobond, na namba moja ya simu ikageuka. Mteja alisema nimekosea mimi, mimi nikasema ndivyo alivyotuma kwenye ujumbe, na ujumbe ulikuwa umefutwa. Tuligawana hasara na hatukusalimiana mwaka mzima. Tangu siku hiyo hatuchapi bila mchoro wa mwisho uliotiwa sahihi na mwenye biashara, siyo mdogo wake, siyo dereva. Ipigie ile namba iliyo kwenye mchoro kwa simu yako, palepale. Simu ikilia mfukoni mwako, tia sahihi.

Kikishapanda, nitenge kiasi gani kila mwaka?

Sisi tunawaambia wateja waweke kando sehemu moja ya kumi ya bei ya kibao kila mwaka, pamoja na ushuru juu yake. Mara mbili kwa mwaka inatosha kukigusa: mwezi Oktoba, kabla ya mvua, kaza bolti, angalia kutu kwenye maungio, paka palipochubuka, na katikati ya kiangazi, Julai au Agosti, osha vumbi kwa maji, sabuni na kitambaa laini. Petroli au tina ya kuyeyushia rangi usiguse, zinakula wino. Paneli ya jua ifutwe mara nyingi zaidi, vumbi letu jekundu linaifunga kama pazia na mtu anadhani betri imekufa.

Bashe ya zamani nifanyie nini?

Wengine wanafunikia makala (mkaa), wengine wanaanikia mihogo juu yake, upande usiochapwa ukiwa juu. Fundi wa pikipiki jirani yetu ameifanya dari. Ukitaka kuirudisha kwetu, fremu tunaipima, na ikiwa haijapinda tunavuta bashe mpya juu yake na unalipa kuchapa na mkono tu. Ila kabla ya kumpa mtu ile ya zamani, kata kipande chenye namba ya simu. Mteja wetu mmoja wa Kenya anapigiwa hadi leo na watu wanaotafuta makala.